NAR au Tripoli? Na ngazi ya tatu ya roketi ina haja gani?

Mpwa wangu Mabula alikuja dukani kwangu Kirumba jioni moja, akaniamkia, akageuza ndoo akaikalia. Amepata nafasi ya kusoma uhandisi Marekani, na chuo anachokwenda kina timu ya roketi. "Mjomba, wewe ulirusha. Nijiunge na NAR au na Tripoli? Nataka ngazi ya tatu kabla sijamaliza digrii."

Nilikuwa nimeshika taa ya wavuvi wa dagaa niliyoifungua tumbo, mwenyewe anaisubiri mlangoni aende nayo ziwani. NAR na Tripoli ni vyama viwili vya Marekani vya warushaji wa roketi za burudani, na ngazi ni vyeti vyao vitatu, ya tatu ikiwa ya juu kabisa. Sikumjibu siku ile. Haya ndiyo niliyomwandikia baadaye, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya kijana mwingine wa kanda ya ziwa atakayejikuta na swali hilohilo. Nitangulize jambo moja: mimi niliishia ngazi ya pili. Ya tatu niliisoma, nikaipigia hesabu, nikaiacha. Kwa hiyo ukisoma ushauri wangu, ujue unatoka kwa mtu aliyeshuka njiani.

Ngazi zenyewe, kwa haraka

Roketi za burudani zenye nguvu kubwa hupangwa kwa mota, na mota hupangwa kwa herufi. Kila herufi ina kikomo maradufu ya ile iliyotangulia: H inaishia nyutoni-sekunde 320 (kipimo cha jumla ya msukumo wa mota), I inaishia 640, J 1,280, na kuendelea. Cheti cha ngazi ya kwanza kinakupa H na I. Cha pili kinakupa J, K na L, yaani mpaka 5,120. Cha tatu kinakupa M, N na O, mpaka 40,960. Vidogo vya chini ya H kwa kawaida havidai cheti.

Kwa kila ngazi unajenga roketi mwenyewe, unairusha mbele ya shahidi wa chama, inapanda, parachuti inafunguka, inatua. Shahidi anaikagua kwa swali moja: je, hii ingeweza kurushwa tena leo hii? Ngazi ya pili inaongeza mtihani wa maandishi wa maswali ya kuchagua. Maswali yenyewe hutangazwa mapema ili watu wasome, kwa hiyo anayefeli pale ajilaumu mwenyewe. Umri ni miaka 18 kwa vyama vyote viwili. Walio chini ya hapo wana mipango yao ya kurusha wakiwa na mlezi.

Vyama viwili, uso kwa uso

NAR ndiyo kongwe. Ilianzishwa mwaka 1957 na G. Harry Stine, lakini kisa chake kinaanzia kwa muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, aitwaye Orville Carlisle, aliyetengeneza roketi ndogo ya karatasi yenye mota ya kubadilisha. (Wenye maduka tusijidharau.) Tripoli ilianza eneo la Pittsburgh mwaka 1964, na licha ya jina haihusiani na Libya kwa shughuli zake. Ikaja kuwa nyumbani kwa wale walioona roketi za karatasi haziwatoshi.

Asili hizo mbili unaziona mpaka leo ukifika uwanjani. Kwenye uwanja wa NAR utakuta watoto wa shule, mashindano ya roketi za kubeba yai bila kulivunja, babu na mjukuu wake, halafu pembeni kidogo watu wa mota kubwa. Kwa Tripoli watu wa mota kubwa ndio wenye uwanja. Sisemi kwamba mmoja ni wa watoto na mwingine wa wakubwa, maana ngazi ya tatu ya NAR ni ngumu sawasawa na ya Tripoli. Nasema utakaa na watu tofauti, na katika kazi hii unajifunza kwa kukaa na watu.

Kwa ngazi ya tatu utaratibu unafanana sana. NAR wana kamati ya vyeti vya ngazi ya tatu, Tripoli wana jopo la ushauri wa kiufundi. Kote kuwili unawatafuta wajumbe wawili, unawapelekea michoro, orodha ya vifaa, hesabu za uthabiti na matokeo ya programu ya kuiga urukaji, wanakukosoa, unarekebisha, ndipo unajenga. Unapiga picha za kila hatua, kwa sababu roketi ikishafungwa hakuna atakayeona ulivyogundisha mapezi kwa ndani. Siku ya kurusha mjumbe anakuwepo. Kote kuwili bima ya chama inakulinda unaporusha kwa kanuni zake. Kote kuwili mota ya mtihani lazima iwe ya kiwandani, iliyothibitishwa.

Tofauti inayouma iko sehemu moja: mafuta ya kujitengenezea. Tripoli wana siku maalumu za utafiti ambapo mwanachama wa ngazi ya pili au zaidi anaweza kurusha mota aliyoipika mwenyewe, kwa masharti. NAR hawana kitu hicho kabisa. Kama ndoto yako ni kemia, yaani kuchanganya aluminiamu na amoniamu pakloreti na kujua kwa nini moto wa mota moja ni mweupe na wa nyingine mwekundu, basi swali limekwisha: Tripoli. Kama unafikiria kurudi Mwanza ukaanzishe kundi la wanafunzi wa sekondari, NAR itakufundisha zaidi, kwa sababu wao ndio wanaojua kumshughulikia mtoto mwenye roketi ya gramu 100. Mimi nilichagua NAR kwa sababu hiyo. Kundi la wanafunzi bado sijalianzisha, lakini sababu ilikuwa nzuri.

Na usipoteze usingizi kwa chaguo hili. Vyama hivi vinatambuana vyeti. Ukipata ngazi ya pili kwa mmoja, mwingine anaikubali. Wako wengi wenye kadi zote mbili. Kwa hiyo nilimwambia Mabula: ukifika, uliza uwanja gani uko karibu na chuo, nani ana gari la kukupeleka, na mjumbe gani wa ngazi ya tatu anakuja pale mara kwa mara. Mjumbe anayejibu ujumbe wako ndani ya siku mbili ana faida kuliko nembo yoyote utakayobandika kwenye begi.

Kwa wanaokwenda Uingereza habari ni fupi zaidi: kule kuna UKRA, chama chao cha roketi, chenye ngazi tatu zilezile kwa herufi zilezile. Tatizo lao ni mashamba madogo na mawingu ya chini.

Ya pili au ya tatu?

Hapa ndipo Mabula alipaswa kuanzia, naye alikuwa ameparuka.

Nikueleze ngazi ya pili ilivyonitoa jasho. Roketi yangu ilikuwa ndefu kunizidi, mota ya J, na ndani yake altimita moja. Altimita ni kibao kidogo cha umeme kinachopima mgandamizo wa hewa kupitia vitundu vilivyotobolewa ubavuni mwa roketi. Hewa ikiacha kupungua, inajua imefika kileleni, inawasha baruti nyeusi kidogo, roketi inakatika vipande viwili vilivyofungwa kwa kamba ndefu, parachuti ndogo inatoka. Inashuka kwa kasi. Ikifika labda mita 200 juu ya ardhi, altimita inawasha baruti ya pili na parachuti kubwa inafunguka.

Kwa nini usifungue kubwa kulekule juu ukamaliza kazi? Piga hesabu. Tuseme umefika mita 3,000 na upepo ni mita 5 kwa sekunde, upepo wa kawaida tu. Parachuti kubwa inashuka mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo utakuwa angani sekunde 500, na upepo utakuwa umekubeba kilomita mbili na nusu. Kwa mtindo wa ndogo kwanza, ikishuka mita 25 kwa sekunde mpaka mita 200, unatua kama mita 730 kutoka ulipoanzia. Hiyo ni tofauti ya kutembea na ya kukodi bodaboda.

Siku yangu ya kwanza roketi ilipanda vizuri. Kileleni ikakatika, parachuti ndogo ikaonekana kama unyoya. Nikawa naangalia, naangalia. Mita 200, kimya. Ilipiga ardhi kwa kasi ileile, pezi moja likavunjika, bomba likakunjamana kama kopo la soda. Shahidi aliitazama, akanitazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

Nilipofungua chumba cha elektroniki, betri ya volti 9 ilikuwa imechomoka nusu kwenye kichwa chake. Kamba ilipokaza kule juu kwa mshtuko, betri ilicheza, umeme ukakatika kwa kufumba na kufumbua, ukarudi. Altimita ikajiwasha upya ikiwa angani, ikapima hewa iliyoizunguka, ikaamini pale ndipo ardhini. Ikatulia kusubiri kurushwa. Mimi, mtoto wa fundi betri, niliyekua nikifunga betri za taa kwenye mitumbwi inayopigwa na mawimbi usiku kucha, nilikuwa nimeiacha betri ikishikiliwa na vifungo vyake viwili vya bati peke yake. Mwezi uliofuata nilirudi na roketi ileile iliyotengenezwa, betri nimeifunga kwa kamba za plastiki mpaka haipumui, nikapata cheti.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kuwa ndicho kiini cha ngazi ya tatu. Sharti lake kubwa la kiufundi ni kila kitu cha kufungulia parachuti kiwe viwili: altimita mbili, betri mbili, swichi mbili, nyaya zisizoshirikiana, baruti mbili kwa kila parachuti. Moja ikilala nyingine inaamka. Mtu akiniuliza ngazi ya tatu ni nini, simwambii ni mota kubwa. Mota kubwa unainunua. Ngazi ya tatu ni kuthibitisha kwa maandishi, kabla ya kujenga, kwamba kosa moja la kijinga halitaangusha kilo 15 au 20 kwenye kichwa cha mtu.

Upande wa mfuko: mafuta ya mota ya H ni makumi ya dola, ya M ni mamia, na hapo bado ganda la aluminiamu la kuyabebea, ambalo nalo ni mamia lakini linatumika tena na tena. Ongeza bomba la faibaglasi, gundi ya epoksi, kifaa cha GPS cha kuitafuta ikipotelea kwenye majani, parachuti ambayo ukiishona vibaya utalia. Mwanafunzi wa ufadhili anaweza kumaliza ngazi ya kwanza na ya pili kwa kubana matumizi. Ya tatu asijaribu peke yake. Atafute timu igawane, lakini akumbuke roketi ya cheti lazima awe ameijenga yeye.

Upande wa uwanja: kanuni inamtaka mtu akae mita 30 kutoka mota ya J, mita 90 hivi kutoka L, mita 150 kutoka M, mita 300 kutoka N, na zaidi ya mita 450 kutoka O. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna kurusha. Sio kila klabu ina shamba la kutosha wala kibali cha anga cha kimo hicho, kwa hiyo wenye M husubiri siku chache kwa mwaka na husafiri mbali. Mwanafunzi mwenye mitihani ataziangalia siku hizo zikipita.

Na upande wa matumizi, ambao Mabula hakuujua: mashindano ya wanafunzi ya NASA yanayoitwa Student Launch, yanayomalizikia Huntsville, Alabama, yana kikomo cha mota ya L. Mlezi wa timu ndiye anayetakiwa kuwa na cheti cha NAR au Tripoli cha mota hiyo, yaani ngazi ya pili inatosha. Asiye raia wa Marekani ajue pia kwamba anaweza kutengwa na wenzake katika baadhi ya shughuli kwa sababu za usalama. Ukijua mapema hutaona ni dharau, utapanga kazi yako kwenye hesabu na ujenzi.

Kwa hiyo kwa kijana anayetaka kuwa na faida katika timu ya chuo, ngazi ya pili mwaka wa kwanza au wa pili inashinda ngazi ya tatu inayobaki ndoto. Ya tatu ina maana kwa watu wa aina mbili: anayetaka kuwa mlezi wa roketi kubwa kwa miaka mingi ijayo, na yule ambaye bila hiyo hapati usingizi. Mpwa wangu nadhani ni wa kundi la pili. Hakuna dawa.

Na nikirudi nyumbani?

Swali la haki. Mtu akiwa na cheti cha ngazi ya tatu Mwanza, atarusha wapi?

Sioni pa kurushia ufukweni, na sababu yangu ya kwanza ni ya mvuvi. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku mpaka alfajiri unageuka. Ukirusha Igombe saa nane mchana, roketi inakwenda kwenye mapaa ya watu. Ukirusha alfajiri, inakwenda majini na altimita zako mbili. Uwanja wa ndege uko palepale Ilemela kando ya ziwa, na ndege hupita chini zikitua. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kama kilomita 3; lisimamishe wima kichwani mwako uone mota ya M inafika wapi. Anga hiyo ni ya mamlaka ya usafiri wa anga, na baruti ya aina yoyote ni ya sheria ya baruti, ileile inayowabana wachimbaji wa Geita. Mota zenyewe huwezi kuzileta kwenye begi la ndege. Asikudanganye mtu kwamba atapika mafuta jikoni kwa kutazama video. Vidole havioti tena.

Hivyo cheti cha Marekani utakitumia Marekani, au popote penye klabu, shahidi na kibali. Majirani wameshaanza kujenga mazingira: kule Juja, Kenya, wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wana mradi wa roketi waliouita Nakuja. Huo ni mlango wa chuo na wa serikali, si wa mtu mmoja na cheti chake.

Kinachowezekana hapa kabla ya safari

Hapa ndipo nilipombana Mabula. Nilimwambia sehemu ngumu ya ngazi ya tatu, yaani kurudi chini salama, asilimia kubwa inaweza kufanyiwa mazoezi Kirumba bila hata punje ya baruti.

Programu ya OpenRocket ni ya bure. Unachora roketi, unaweka mota, inakuonyesha kituo cha uzito kiko wapi na kituo cha msukumo wa hewa kiko wapi. Cha uzito kinatakiwa kiwe mbele kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, la sivyo roketi itageuka kama samaki aliyekatwa mkia. Faibaglasi tunayo, mafundi wa boti wanaijua kuliko wahandisi wengi. Parachuti fundi cherehani anaishona ukimpa kipimo cha kipande kimoja cha pembe tatu kilichojipinda. Ila kumbuka ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo parachuti hapa inashuka kama asilimia 5 haraka kuliko itakavyoshuka tambarare za chini.

Na altimita tunaijaribu kwenye chupa ya jamu. Unatoboa kifuniko, unapitisha mpira wa bomba la sindano la mililita 60, unaziba kwa gundi. Altimita inaingia ndani na betri yake, na mahali pa baruti unafunga balbu mbili ndogo za tochi. Ukivuta bomba, hewa inapungua, altimita inaamini imepanda mamia ya mita. Ukiacha kuvuta, balbu ya kwanza iwake: hicho ndicho kilele. Ukirudisha hewa polepole, ya pili iwake karibu na "ardhi". Ukiweka altimita mbili na balbu nne, umeigiza ngazi ya tatu juu ya meza.

Tulifanya hivyo Jumapili iliyopita. Mabula alikuwa amekwisha chagua jina la roketi, "Uhuru". Nikamwambia limeshapanda: setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru siku hiyo. Akasema basi ataiita "Dagaa".

Akavuta bomba. Altimita ya kwanza ikawasha balbu yake kileleni, safi. Ya pili ikakaa kimya. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeiharibu. Nikaichukua chupa, nikaitikisa sikioni, nikasikia betri inagonga kioo.

"Umeifungaje?"

"Imejishikilia yenyewe, mjomba."

Nikamwonyesha kabatini zilipo kamba za plastiki, nikarudi kwenye taa ya mvuvi.